Mulango na Dirisha ya Kome

Siku ya kwanza ya wiki, tarehe 6 mwezi wa kumi

Daftari hili nilipewa na Profesa Aristide. Alisema: «Mama Émérence, kila siku uandike umeona mawe ngapi yenye matundu, na umeyaona upande gani. Basi.» Mawe nitaandika. Lakini karatasi ni nyingi kuliko mawe, na mimi sikufika mwaka wa ine wa sekondari bure. Na watu nitawaandika.

Leo: mawe sita yenye matundu, upande wa muto Lukuga. Watu: profesa mumoja, ametoka Lubumbashi, kofia kubwa, anatembea ndani ya karieri yetu ya mawe polepole kama muntu anaogopa kuamusha mutoto. Atakaa Kalemie mpaka mwezi wa kumi na mbili. Mimi navunja mawe hapa mwaka wa kumi na moja sasa. Kokoto yangu haina vumbi, haina vipande vikubwa vilivyofichwa chini ya fungu. Muulize mwashi yeyote wa mji huu.

Siku ya pili, tarehe 7

Mvua kidogo. Mawe ine.

Siku ya tano, tarehe 10

Leo nimekasirika, kwa hiyo nitaandika sana.

Katikati ya karieri kuna jiwe moja pana, limelala, urefu wake unapita kamyo ya kubebea kokoto. Sisi wanamuke tunaliita Kitanda, sababu saa sita tunakula pale na mwenye kuchoka ananyoosha mugongo. Juu yake kuna vitundu vingi, viwili viwili, vimekaa jirani kila mahali. Ukienda pembeni, pale jiwe lilipopasuka, unaona kila jozi ya vitundu inashuka chini ndani ya jiwe kama mufereji mumoja wa wima.

Profesa aliniomba niweke mukono karibu na vitundu, apige picha, ili watu wajue ukubwa wake. Nikaweka. Nikamuuliza ataandika nini chini ya picha. Akanionyesha: «Mukono wa mufanyakazi.» Ee! Mukono wa mufanyakazi! Mukono huu una mwenyewe, una jina, na jina liko katika kitabu cha ubatizo.

Halafu akasema vitundu vile ni alama za mizizi. Ati hapa Lukuga kuna makaa ya mawe, makaa yalikuwa miti, na miti ina mizizi.

Nikamuambia: «Papa Profesa, hii si mizizi. Hii njo kome.»

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumunyamazisha mutoto.

Wapi! Mimi ni mutoto wa Mama Immaculée wa Mpala. Kome nimekula mbele ya kujua kusema. Ana maganda mawili yanafunga kama sanduku, anajichimbia ndani ya muchanga chini ya maji, na juu anaacha vitundu viwili: kimoja maji yanaingia, kingine maji yanatoka. Mama yangu aliviita mulango na dirisha. «Tafuta mulango na dirisha, Émérence, mwenye nyumba yuko chini.» Mwaka wa mwisho wa maisha yake nilimuleta hapa karieri aone kazi yangu. Akaketi juu ya Kitanda, akapapasa vitundu, akacheka mpaka machozi: «Kumbe majirani zangu wa Mpala wamehamia huku!» Watu wakasema muzee amechanganyikiwa kichwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa anasoma.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Mambo mabaya. Papa Barnabé, prezida wetu wa karieri, amesimama juu ya fungu la mawe na kutangaza: mashini ya kusaga mawe ya barabara itafika tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili. Itaanza na Kitanda, sababu ni jiwe nzuri na liko karibu na njia. Wanamuke walipiga kelele. Yeye akaangalia viatu vyake. Muntu huyu sijapata kumupenda, na leo nimejua sababu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Profesa. Nikasema: andika barua, jiwe liachwe. Akajibu kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: «Mama, kwa mizizi siwezi kuandika. Mizizi iko kila mahali katika bonde hili. Kama ingekuwa kome, hapo sawa. Ingekuwa sakafu ya maji ya zamani, na wanyama ndani ya nyumba zao. Hiyo ni kitu cha kulinda. Lakini inahitaji ushahidi.»

«Ushahidi gani?»

«Unaoonekana kwa macho.»

Sawa. Kwa hiyo ni hivi: nikimuonyesha ni kome, Kitanda kinabaki. Nikishindwa, mahali mama yangu aliketi patakuwa kokoto chini ya matairi. Nina wiki nane.

Siku ya tatu, tarehe 15

Nimelala na kuwaza, nimeamka na jibu. Sijui kama maprofesa wanawaza haraka hivi.

Kome hakai bure. Ukimumwagia muchanga juu, anapanda, sababu bila maji ya juu atakufa. Na akipanda, muchanga unaanguka nyuma yake. Sasa pembeni ya Kitanda, mistari ya jiwe imelala sawasawa kama mikeka iliyopangwa, lakini inapofika kwenye mufereji inainama chini, mumoja ndani ya mwingine, kama sahani za kina zilizowekwa pamoja. Muzizi haufanyi vile. Muzizi unagawanyika na kuwa mwembamba. Ule mufereji unashuka na upana mumoja mpaka chini.

Basi nitapika Kitanda kidogo nyumbani. Beseni kubwa, maji, kome chini, halafu kila siku tabaka moja nyembamba: leo muchanga mweupe wa ziwa, kesho unga wa tofali nyekundu. Mwishoni natoa maji, nakata kwa bati kama mukate, naangalia.

Clémence, jirani yangu ninayevunja naye mawe, atanisaidia. Moyo wake ni mweupe. Masikio yake ni mambo mengine.

Siku ya posho, siku ya sita, tarehe 18

Kome kumi na wawili kutoka ufuko wa hapa mjini. Nimewaweka. Wakajichimbia mbele ya macho yangu, muguu mbele, kidogo kidogo. Clémence akapiga makofi.

Siku ya pili, tarehe 21

Tabaka nyekundu. Mawe matatu. Mvua.

Siku ya ine, tarehe 23

Tabaka nyekundu. Hakuna mulango wala dirisha juu ya muchanga. Wamenuna?

Siku ya tano, tarehe 24

Beseni inanuka.

Siku ya posho, tarehe 25

Ee Mungu wangu, nipe subira, maana mikono yangu inataka kufanya kazi nyingine.

Sikuchimba hata kidogo, harufu ilitosha: wamekufa wote. Nikamuuliza Clémence: «Umefanya nini?» Akasema hakufanya kitu. Nikauliza tena. Akasema: «Nilitia chumvi tu.»

«Chumvi?»

«Pakiti mbili. Siku ile ya kwanza ulipokwenda kuoga. Si Profesa alisema zamani hapa palikuwa bahari? Na bahari si maji ya chumvi? Nikaona umesahau.»

Na kweli Profesa alisema: «Bahari, ao ziwa, bado tunabishana.» Clémence alisikia neno la kwanza akaondoka nalo. Kome wa Tanganyika, aliyezaliwa na maji matamu, babu yake maji matamu, anatiliwa pakiti mbili za chumvi! Wiki nzima nilikuwa ninazika maiti kwa heshima, leo muchanga mweupe, kesho muchanga mwekundu.

Nilimuambia maneno ambayo sitaandika. Nikamuambia atupe ile beseni mbali nisiione tena. Akabeba, analia.

Siku ya Mungu, tarehe 26

Kanisani Clémence aliketi nyuma. Mimi mbele. Nilipotoa mukono wa amani nilitoa kwa mwingine.

Siku ya kwanza, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Mvua siku tano. Ufuko wa hapa umechafuka, maji ni ya udongo, kome haonekani. Profesa amekwenda Nyunzu kuangalia mawe mengine. Atarudi mwanzo wa mwezi ujao, kama njia itamuruhusu. Aliponiaga aliuliza: «Na kome wako, Mama?» Nikamujibu: «Wanakuja.» Sikudanganya. Walikuwa hawajafika tu.

Siku ya posho, tarehe 8

Mpala. Naandika nimeketi kwa mama mudogo, nguo bado zinatoa maji.

Nilipanda mutumbwi wa moteri. Niliogopa mawimbi, na woga wangu nikauficha kwa kumugombeza mwenye mutumbwi. Nilikuwa na miaka sita sijakanyaga hapa. Maji yamepanda, yamekula ufuko ambao nilichezea, lakini nyuma ya mawe makubwa, chini ya misioni, kuna ghuba ndogo ambayo mama yangu hakumuonyesha kila muntu. Pale maji ni safi kama glasi.

Nikaingia mpaka mapajani. Nikasimama kimya, maji yatulie. Mwanzo sikuona kitu. Nikawaza: Émérence, umezeeka, umekuwa muntu wa nyundo tu. Halafu jicho likakumbuka lenyewe. Hapo: vitundu viwili, vidogo, jirani. Pale vingine. Pale! Pale! Ghuba nzima ilikuwa mulango na dirisha, mulango na dirisha, sawasawa kabisa na juu ya Kitanda, umbali uleule kati ya kimoja na kingine. Niliweka kidole katikati, kama nilivyozoea kuweka juu ya Kitanda. Kidole kiliingia vilevile.

Nikapiga kelele peke yangu ndani ya maji: «Mama, ulisoma vizuri!» Mwanamuke mumoja aliyekuwa anafua akaniuliza kama nimekanyaga kitu. Nikamuambia ndiyo, nimekanyaga ushahidi wangu.

Nimechimba ishirini. Mama mudogo aliniuliza nitapika na nini. Nilipomuambia siwapiki, ninawapeleka kutoa ushahidi, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Beseni mupya. Maji ya ziwa matupu. Clémence alikuja mulangoni, hakuingia. Akasema: «Nimekuletea unga wa tofali. Nimeutwanga mwenyewe. Hauna kitu kingine, onja kama unataka.»

Nikaonja. Mbele yake, kwa makusudi. Ulikuwa tofali tupu. Tukacheka mpaka tukakaa chini, na mambo yakaisha.

Siku ya tatu, tarehe 12

Tabaka nyeupe. Asubuhi vitundu viwili viwili juu. Wamepanda! Wazima!

Siku ya ine, tarehe 13

Nyekundu. Wamepanda.

Siku ya tano, tarehe 14

Nyeupe. Wamepanda. Mawe mawili. Nimechoka na mawe, naona kome tu.

Siku ya ine, tarehe 20

Jana mvua haikunyesha, ilimwagwa. Ukuta wa udongo wa karieri umeteremuka, na leo asubuhi Kitanda hakionekani. Tope mpaka magotini.

Nilipokwenda kutafuta pao la kuchotea tope nilikuta muntu ameshaanza. Papa Barnabé, peke yake, suruali imekunjwa, anatupa tope pembeni. Nikafikiri anasafishia mashini yake. Nikamuambia hivyo, kwa sauti ya kusikika.

Hakukasirika. Akaegemea pao lake. «Mama Émérence, mimi nilitoka Niemba bila kitu. Wiki mbili za kwanza katika mji huu nililala juu ya jiwe hili. Sikuwa na nyumba. Unafikiri nafurahi kulivunja? Watu wa barabara wananiuliza: kwa nini jiwe hili liachwe? Niwajibu nini? Wanamuke wanakula pale? Unipe karatasi, Mama. Karatasi moja tu yenye sahihi ya muntu wa kofia kubwa. Nitasimama mbele ya mashini mimi mwenyewe.»

Miaka kumi na moja nimemuita muntu huyu kichwa-tupu. Naandika hapa kwamba nilikosa. Sitamuambia, lakini naandika.

Tulisafisha wanamuke kumi na watatu na Barnabé mumoja. Mchana vitundu vilionekana tena, maji ya tope yanatoka ndani yake kidogo kidogo. Clémence akasema: «Angalia, wamepanda.»

Siku ya kwanza, tarehe 24

Nimetoa maji. Sijakata. Nitakata mbele yake, asiseme nimechora kwa kidole.

Siku ya pili, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili

Profesa hajarudi. Wanasema njia ya Nyunzu imekatika.

Siku ya tatu, tarehe 3

Hajarudi.

Siku ya ine, tarehe 4

Hajarudi. Nimelowesha muchanga kwa kitambaa usianguke. Nimemugombeza kila muntu aliyepita.

Siku ya tano, tarehe 5

Amerudi! Juu ya pikipiki, kofia imepotea, tope mpaka nyusi. Nilimukuta mbele ya nyumba anayolala. Sikumupa hata pole ya safari. Nilisema: «Kesho saa tatu, kwangu.» Akasema: «Ndiyo, Mama.» Namna ile ile mimi nilivyomujibu mama yangu.

Siku ya posho, tarehe 6

Nitaandika kwa mupango.

Walikuja Profesa, Barnabé, wanamuke wa karieri wote. Beseni iko juu ya meza, nimetandika kitambaa cha sikukuu. Nikageuza juu ya ubao, nikapiga chini mara tatu, nikainua beseni, halafu kwa ubao wa pili tukageuza tena, juu irudi juu. Muchanga ukasimama wote kama keki. Nikamupa Profesa bati. «Kata wewe mwenyewe.»

Akakata. Upande mumoja ukaanguka, na mwingine ukabaki wazi. Nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu, mistari imelala sawasawa. Na katikati mifereji minne, wima, upana mumoja, na kila mustari ulipofika pale umeinama chini, sahani ndani ya sahani ndani ya sahani. Juu kabisa kome wenyewe, wamefika.

Profesa akavaa miwani yake, akainama mpaka pua ikagusa muchanga. Halafu akasema: «Mama, ni nzuri sana. Lakini watanijibu: labda muchanga unainama wenyewe, kwa sababu ya uzito wa ganda, hata kama munyama hajapanda. Ningepata beseni nyingine, na kome waliokufa...»

Nyuma ya watu sauti ikasema: «Iko.»

Clémence. Uso wake umeiva kwa haya. «Ile ya chumvi. Uliniambia nitupe, nikaona haya kuibeba njiani na harufu ile. Niliitoa maji, nikaiweka nyuma ya jiko langu chini ya bati.»

Tulikimbia kuileta, mimi mbele, na mimi sikimbii. Profesa akakata. Nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Chini kabisa maganda ya wale maskini kumi na wawili. Na juu yao mistari imelala, imenyooka, haijainama hata moja. Wafu hawakupanda, na muchanga ulibaki kama ulivyowekwa.

Profesa akaweka bati mezani. Akauliza nani alifikiria kuua hawa kome kwa chumvi. Ati huko chuoni wanafunzi wanasahau kufanya sehemu ile.

Clémence akaniangalia. Mimi nikamuangalia. Nikasema: «Tulifikiria pamoja.»

Tukaenda karieri sote kwa miguu. Profesa akapiga magoti pembeni ya Kitanda, akapapasa mistari iliyoinama, mufereji kwa mufereji. Aliposimama alisema kwa sauti, wanamuke wote wasikie: «Mama Émérence, nilikosa. Hawa ni kome. Walikuwa wanapanda.»

Naandika wazi: nilijisikia murefu kuliko minara ya kanisa. Nilitaka mama yangu awe ameketi pale. Nililia, na sikuficha uso.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Barua imeandikwa. Barnabé alimungojea chefu wa kata mulangoni mwa kanisa na barua mukononi, na muhuri ukapigwa kabla ya chefu kuonja chakula chake. Nimeisoma mara tano, mpaka mahali pa jina langu. Inasema jiwe linaloitwa Kitanda ni sakafu ya maji ya zamani (bahari ao ziwa, wataendelea kubishana), yenye nyumba za kome. Inasema pia: «Alama hizi zilitambuliwa kwanza na Mama Immaculée wa Mpala, zikathibitishwa na Émérence binti yake, mvunja mawe, na Clémence, jirani yake. Jina lake: mulango na dirisha.»

Nilimuuliza Profesa kuhusu ile picha. Akanionyesha. Neno mufanyakazi limekatwa kwa mustari. Chini yake kuna jina langu, pamoja na alama yake juu ya É.

Siku ya kwanza, tarehe 8

Mashini imefika. Barnabé alisimama mbele yake kama alivyosema, karatasi juu, sauti kubwa ambayo sikujua anayo. Wamekwenda kuvunja upande wa juu.

Siku ya tatu, tarehe 10

Profesa amepanda boti. Aliomba daftari. Nimemupa orodha ya mawe niliyonakili, mia moja na ine. Daftari lenyewe hapana. Kuna kurasa zinamuhusu.

Saa sita nilichukua sahani yangu ya ugali na ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, nikaenda Kitandani kula kama siku zote. Sijamaliza tonge la pili nikasikia: «Mama Émérence! Shuka!»

Barnabé, anakuja mbio.

«Nishuke kwa nini?»

«Hukusoma barua? Mustari wa mwisho. Ni marufuku muntu yeyote kukanyaga ao kuketi.»

«Papa Barnabé, jina langu limo ndani ya barua ile!»

«Njo maana utatoa mufano.»

Wanamuke walicheka mpaka wakashika mbavu. Clémence alikuwa ameshaketi chini, amenisogezea nafasi. Nikashuka. Nikaketi juu ya udongo na sahani yangu, uso kwa Kitanda, mimi wa kwanza kufukuzwa pale, na ugali sijapata kuula mutamu namna ile.